Mfungwa aliyeitangulia hereni ya ng'ombe

Kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo ilizinduliwa Bariadi, mkoani Simiyu, Juni 2025, ikihusisha kuvisha mifugo hereni za kielektroniki. Hereni ya aina hiyo haina betri. Huamshwa na mawimbi ya redio ya kifaa kinachoisoma, ndipo ijibu.

Miongoni mwa waliotangulia katika kanuni hiyo ni Mrusi Leon Theremin, aliyezaliwa St. Petersburg mwaka 1896 na kuvuma kwa ala ya muziki ipigwayo bila kuguswa. Alirejea kwao kutoka Marekani mwaka 1938. Mwaka uliofuata akatiwa mbaroni na kupelekwa Kolyma, kisha katika maabara ya wafungwa.

Huko alibuni kifaa cha kunasa mazungumzo kisicho na betri. Kilifichwa ndani ya nembo ya mbao ambayo watoto wa Kisovieti walimzawadia Balozi wa Marekani mjini Moscow, Averell Harriman, Agosti 1945. Mawimbi yalirushwa kutoka nje ya jengo. Utando mwembamba ulitikiswa na sauti, na mawimbi yaliyorudi yakabeba maneno. Yasiporushwa, kifaa kilikuwa bubu, hivyo hakikugunduliwa hadi 1952.

Kazi hizo za upelelezi, zilizofanywa kifungoni, zilimpatia Tuzo ya Stalin mwaka 1947 alipoachiwa huru. Alifariki dunia Moscow Novemba 1993, akiwa na miaka 97.