Roosevelt: aliyepokea fedha za matajiri, kisha akazipiga marufuku

Tarehe 21 Aprili 1909 Theodore Roosevelt alishuka melini Mombasa, wiki saba tu baada ya kuacha urais wa Marekani. Akapanda treni kwenda bara, akawinda hadi nchi ya Sotik. Jina hilo leo ni la mji katika nchi ya chai, jirani na Kapkatet. Wakati ule lilienea hadi nyanda za Wamaasai. Wengi wetu tunamkumbuka kwa bunduki na simba. Lakini ana habari nyingine inayotuhusu zaidi: fedha za kampeni.

Alizaliwa New York tarehe 27 Oktoba 1858, mtoto wa tajiri aliyesumbuliwa na pumu. Mwaka 1889 aliingia tume ya utumishi wa umma, akawaandama waliokuwa wakiwakamua makarani wa serikali sehemu ya mishahara kwa ajili ya chama. Baadaye akawa gavana wa New York, kisha makamu wa rais. Rais McKinley alipouawa Septemba 1901, Roosevelt akashika nafasi yake akiwa na miaka 42.

Uchaguzi wa 1904 ndio uliomtia doa. Wenye reli, mabenki na bima walikimiminia fedha chama chake. Mpinzani wake, Alton Parker, akamshutumu. Yeye akakana, akashinda kwa kura nyingi. Mwaka uliofuata uchunguzi huko New York ukafichua kwamba kampuni za bima zilichota fedha za wateja, akiba waliyowawekea wajane na mayatima wao, zikachangia kampeni.

Angeweza kunyamaza. Badala yake, Desemba 1905 alilitaka bunge lipige marufuku michango ya makampuni. Januari 1907 Sheria ya Tillman ikapita.

Tatizo ni kwamba sheria ile haikupewa mlinzi. Hapakuwa na ofisi ya kukagua, na tajiri aliweza kutoa kwa jina lake mwenyewe. Makandarasi wa serikali kuu walizuiwa mwaka 1940 tu, na tume ya kusimamia ikaanza kazi 1975. Roosevelt mwenyewe aliitwa mbele ya Seneti mwaka 1912 aeleze fedha za 1904. Hata safari yake ya huku kwetu ilichangiwa na matajiri, Andrew Carnegie akiwa mmoja wao. Alifariki tarehe 6 Januari 1919, sheria yake ikiwa bado haina meno.

Na sisi je? Kenya ina Sheria ya Ufadhili wa Kampeni za Uchaguzi tangu 2013. Uchaguzi wa 2017 ukapita, wa 2022 ukapita, na viwango vya matumizi na michango havikutumika. Wabunge, ambao ndio wagombea, hawakuvipitisha. Mkandarasi wa barabara ya Kapkatet au ya Kilifi akimfadhili mwanasiasa leo, nani atauliza? Na lami ikibanduka mvua ya kwanza, mwanasiasa huyo atamwambia nini? Wahenga walisema mla cha mwenziwe na chake huliwa. Hapa kinacholiwa si cha mwanasiasa: ni cha mkulima wa chai na mvuvi, waliolipa kodi na hawakualikwa kwenye karamu.

Wanaokuja kutuomba kura waulizwe mapema: nani anawalipia magari na mabango?