Lettow-Vorbeck: Kamanda aliyefufua risasi zilizozama baharini

Mwaka 1915, Moshi mjini (wakati huo Wajerumani waliiita Moshi Mpya), askari, wanawake na vijana walikaa miezi kadhaa wakifungua risasi mojamoja kuanzia alfajiri hadi usiku. Walimwaga baruti, wakaisafisha, kisha wakafunga risasi upya.

Aliyetoa amri hiyo ni Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki.

Alizaliwa mwaka 1870 huko Saarlouis, Ujerumani. Kabla ya kuja huku alipigana Namibia, kwenye vita vile vya kikatili dhidi ya Waherero na Wanama, akajeruhiwa jicho la kushoto. Dar es Salaam alifika Januari 1914, miezi michache tu kabla ya vita kuu.

Hakukaa ofisini. Alizunguka kaskazini hadi Arusha, chini ya Mlima Meru, kukagua kombania iliyokuwa pale. Askari walikuwa na nidhamu nzuri, lakini bunduki zao, duh! Zilikuwa za mwaka 1871, zinazotumia baruti ya moshi. Ukifyatua mara moja tu, adui ameshajua ulipojificha.

Ushindi wa Tanga, Novemba 1914, ulimpa nafuu: bunduki za kisasa za kutosha kombania 3, risasi 600,000 na bunduki za rashasha 16. Lakini risasi zinaisha, na bahari ilikuwa mikononi mwa Waingereza.

Aprili 1915 meli ya Rubens, iliyojifanya ya Denmark, ikaleta silaha. Manowari ya Hyacinth iliikuta Ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikaipiga mizinga. Shehena nyingi iliokolewa, ila risasi zilikuwa zimelowa maji ya chumvi. Baruti na fataki zikaharibika, risasi zikaanza kugoma.

Hapo ndipo shida yenyewe ilipo. Fataki ni kile kikopo kidogo kwenye kitako cha risasi. Pini ya bunduki ikikigonga, kinatoa moto, baruti inawaka, na presha ya gesi inasukuma kichwa cha risasi kwenye mtutu. Kwa hiyo fataki si cheche tu. Ikiwa kali kuliko inayotakiwa, presha inaweza kupanda kupita kiasi, ganda likapasuka au bunduki ikamuumiza mwenyewe. Ikiwa dhaifu, baruti inachelewa kuwaka au haiwaki kabisa. Hadi leo wanaojaza risasi wenyewe wakibadili fataki hupunguza kwanza baruti, ndipo wapandishe kidogo kidogo.

Lettow-Vorbeck hakuwa na nafasi ya kuchagua. Fataki zilizokuwepo kwenye koloni zilikuwa za aina nyingine, na baruti ilikuwa imeshaonja chumvi. Zikafungwa hivyohivyo.

Matokeo yake aliyaandika mwenyewe kwenye kumbukumbu zake. Fungu lililogoma kama asilimia 20 lilipelekwa vitani. Lililogoma asilimia 60 na zaidi likawa la mazoezi. Risasi zilizotekwa kwa adui, ambazo ndizo za kuaminika, ziliwekewa bunduki za rashasha peke yake. Fikiria askari anayeingia vitani akijua kwamba risasi moja kati ya 5 huenda isilie.

Machi 1916 Waingereza walichukua Moshi na Arusha. Yeye akarudi nyuma akipigana, akaingia hadi Msumbiji, na kusalimu amri Abercorn, leo Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Kwao alipokelewa kama shujaa. Huku nyuma maelfu ya wapagazi walikuwa wamekufa kwa njaa na magonjwa.

Mwaka 1920 alishiriki jaribio la kuipindua serikali ya Ujerumani, likashindwa. Baadaye akawa mbunge. Mwaka 1953 alirudi Afrika Mashariki, akapokewa na askari wake wa zamani. Alifariki Hamburg, Machi 1964, akiwa na miaka 93.