Ibn Nafis, Tabibu na Faqihi

Ala-ud-Din Ali bin Abi-l-Hazm, ajulikanaye kwa jina la Ibn Nafis, alizaliwa Sham mwanzoni mwa karne ya 7 ya Hijra. Alisoma utabibu Damascus, kisha akahamia Misri. Na huko Kairo alitibu wagonjwa na kusomesha fiqhi ya Imamu Shafii katika madrasa ya Masruria.

Tangu Galen Myunani, na Ibn Sina baada yake, matabibu walishika kuwa damu hupenya toka chumba cha kulia cha moyo kwenda cha kushoto kwa vitundu visivyoonekana. Ibn Nafis, katika sherehe aliyoiandika mwaka 1242 juu ya Kanuni ya Ibn Sina, alikana. Kiambaza kile ni kizima, wala hakina tundu. Damu hupita mapafuni, ikachanganyika na hewa, ndipo ikarejea upande wa kushoto. Kumpinga Ibn Sina zama zile halikuwa jambo dogo! Wazungu walikuja kuliandika hilo baada ya miaka mia tatu.

Leo yajulikana kuwa damu huacha hewa chafu mapafuni ikachukua safi. Na ile chafu ikizidi damuni, ubongo huamrisha pumzi ziende mbio. Ndiyo imlazimishayo mzamiaji aliyebana pumzi kuibuka.

Alipougua mwaka 687 (1288), matabibu wenziwe walimshauri anywe mvinyo kuwa dawa. Akakataa kumkabili Mola wake na mvinyo mwilini, akafa. Nyumba yake na vitabu vyake alikwisha kuviwakifu kwa hospitali ya Mansuri.