Maisha ya Philip Omondi, Mchezaji wa Uganda

Watoto wa milima ya Upare wanaijua taabu ya kucheza mpira penye mteremko. Mmoja akipiga vibaya, mpira hushuka bondeni mpaka katika mahindi, na mchezo husimama mpaka mtu aende kuutafuta. Kwa hiyo mtoto wa mlimani hujifunza mapema kuutuliza mpira mguuni mwake. Wenzake walioko chini, huko Same, wana uwanda mpana, lakini wana vumbi na miiba. Hata hivyo wote, wa juu na wa chini, humsifu yule atiaye mpira golini. Leo tutasoma habari za mtu aliyekuwa hodari sana wa kazi hiyo, naye alikuwa jirani yetu, mtu wa Uganda.

Jina lake lilikuwa Philip Omondi. Omondi ni jina la Kijaluo, hupewa mtoto wa kiume aliyezaliwa alfajiri. Alizaliwa katika miaka ya 1950, na alipokuwa kijana aliingia katika timu ya Halmashauri ya Jiji la Kampala, iliyoitwa KCC. Kazi yake ilikuwa kushambulia. Watu huidhani kazi hiyo kuwa nyepesi, lakini sivyo. Mshambuliaji aweza kukimbia saa nzima bila kupata mpira, huku walinzi wamemzunguka. Kisha nafasi huja mara moja tu, nayo hupita kama kufumba na kufumbua. Asiyekuwa tayari huikosa. Omondi alikuwa tayari.

Sisi wa Tanzania tuliiona nguvu ya timu yake mwaka 1978. Katika mchezo wa mwisho wa kombe la vilabu vya Afrika Mashariki na Kati, KCC ilikutana na Simba ya Dar es Salaam huko Kampala. Hakuna aliyefunga bao mpaka muda ukaisha. Ndipo zikapigwa penalti, na KCC ikashinda kwa 3 dhidi ya 2.

Siku zile watu wa Uganda walikuwa katika dhiki. Idi Amin alikuwa ameunyakua utawala kwa nguvu za jeshi mwezi wa Januari 1971. Watu wengi waliuawa, na wengine wakaikimbia nchi yao. Furaha ilikuwa haba, na mpira ulikuwa mojawapo ya furaha chache zilizobaki.

Mwezi wa Machi 1978 mataifa 8 yalikusanyika nchini Ghana kushindania Kombe la Mataifa ya Afrika. Uganda iliongozwa na nahodha Jimmy Kirunda. Iliishinda Kongo-Brazzaville mabao 3 kwa 1, ikashindwa na Tunisia 3 kwa 1, lakini haikukata tamaa. Ikaipiga Moroko 3 kwa 0, na Moroko ndiyo iliyokuwa imelitwaa kombe lile mwaka 1976. Kisha ikakutana na Nigeria, taifa kubwa lenye watu wengi. Uganda ilitangulia kufunga, Nigeria ikasawazisha, na katika kipindi cha pili Omondi akatia bao la ushindi. Tarehe 16 Machi walicheza na wenyeji mjini Accra, nao Waghana wakashinda 2 kwa 0. Kwa kuwa huo ulikuwa ushindi wao wa tatu, kombe lile likawa mali yao daima. Omondi alirudi bila kombe, lakini kwa mabao yake 3 alikuwa mmoja wa wafungaji 3 waliowapita wengine wote, pamoja na Opoku Afriyie wa Ghana na Segun Odegbami wa Nigeria.

Miezi michache baadaye, Oktoba 1978, majeshi ya Amin yaliingia Kagera, na vita vikaanza kati ya nchi zetu mbili. Vijana wa Tanzania wakaaga wazazi wao, na wengine hawakurudi. Jina la Uganda likawa chungu masikioni mwa watu. Lakini majeshi yetu yalipoingia Kampala mwezi wa Aprili 1979, wenyeji wengi waliyapokea kwa shangwe, maana nao walikuwa wameonewa na Amin yule yule. Hapo tunaona kwamba mtawala ni mmoja, na watu wake ni wengine. Omondi hakuwa adui yetu. Silaha yake ilikuwa mpira tu.

Baadaye alivuka bahari akacheza mpira katika nchi za Waarabu wa Ghuba, kisha akarudi kwao, akawafundisha vijana wa KCC. Alifariki mwaka 1999, kabla ya kuufikia uzee. Kiwanja cha timu yake, kilichoko Lugogo mjini Kampala, kikapewa jina lake.

Huenda mtoto mmoja akauliza: kwa nini kiwanja kipewe jina la mtu aliyeshindwa katika mchezo wa mwisho? Jibu ni hili: wakati watu wake walipokuwa na hofu na huzuni, aliwapa jambo la kufurahia, naye hakumdhuru mtu yeyote. Watu hawamsahau mtu wa namna hiyo.