Sigmund Freud, Daktari wa Kusikiliza

Kuna daktari aliyetibu watu kwa sikio! Huyo ni Sigmund Freud, aliyezaliwa mwaka 1856, akasomea udaktari Vienna, Austria. Mwanzoni aliwatia wagonjwa usingizi wa hipnosisi, kisha akauacha. Basi akawalaza kwenye kochi, yeye akaketi nyuma yao, maana kukodolewa macho kutwa kulimchosha. Mgonjwa aseme lolote linalomjia, hata la aibu. Aliamini kwamba machungu yaliyofukiwa moyoni tangu utotoni huzua maradhi, na yakitajwa hulegea. Mimi sikubali yote aliyodai, hasa kuhusu wanawake, lakini subira yake naisifu. Mwaka 1923 akapatwa na saratani mdomoni. Alipasuliwa zaidi ya mara 30, kusema kukawa taabu, na bado akawasikiliza wagonjwa. Aliwakimbia Wanazi mwaka 1938, akafia London mwaka 1939.