Larry Itliong, kibarua wa vidole saba aliyeanzisha mgomo wa Delano

JINA la Cesar Chavez hutajwa kila panapozungumziwa haki za vibarua wa mashambani nchini Marekani. Ni wachache wanaokumbuka kwamba mgomo uliompa umaarufu ulianzishwa na wazee wa Kifilipino, wakiongozwa na Larry Itliong.

Itliong alizaliwa Oktoba 25, 1913, katika mji wa San Nicolas, mkoani Pangasinan, Ufilipino. Visiwa hivyo vilikuwa koloni la Marekani, na kijana huyo aliyeishia darasa la sita aliamini kwamba ng'ambo angesoma hadi awe wakili. Mnamo 1929, akiwa na umri wa miaka 15, alipanda meli.

Mwaka huo huo uchumi wa Marekani uliporomoka. Ndoto ya uwakili ikaishia mashambani, alikovuna mboga na matunda katika majimbo ya magharibi. Aidha, alifanya kazi Alaska katika kiwanda cha kutia samaki mikebeni, na huko ajali ikamkata vidole vitatu. Wenzake wakambandika jina la Vidole Saba.

Maisha ya wahamiaji hao yalikuwa ya upweke. Karibu wote waliokuja walikuwa wanaume, na hadi 1948 sheria ya California iliwakataza kuoa wanawake wa Kizungu. Wengi walizeeka bila mke wala mtoto, wakihama shamba hadi shamba kufuata msimu na kulala katika kambi za waajiri. Waliitana manong, jina la heshima analopewa kaka mkubwa katika lugha ya Kiilokano.

Wenye mashamba walikuwa na mbinu yao ya zamani. Wafilipino walipogoma, waliitwa Wameksiko kuchukua nafasi zao. Wameksiko nao walipogoma, waliitwa Wafilipino. Hivyo ndivyo migomo mingi ilivyozimwa, na makundi hayo mawili yakabaki yakitazamana kwa jicho la uadui ilhali ujira wao ulikuwa ule ule duni.

Itliong aliifahamu vyema mbinu hiyo. Alikuwa mvutaji sigara kubwa na mpenzi wa karata, mtu aliyezungumza lugha kadhaa za Ufilipino pamoja na Kihispania, na hakukuwa na kambi asiyojua mlango wake. Baada ya kuundwa kwa AWOC, kamati ya kuwaunganisha vibarua wa kilimo, mnamo 1959, aliajiriwa kuwasajili Wafilipino wenzake.

Mei 1965, wavunaji wa zabibu katika bonde la Coachella waligoma na kupata dola 1.40 kwa saa. Zabibu huiva kusini kwanza. Msimu ulipohamia kaskazini hadi Delano, wanaume wale wale walikuta waajiri wa huko wakitaka kulipa pungufu. Usiku wa Septemba 7 walikutana katika Ukumbi wa Wafilipino wakapiga kura, na kesho yake mgomo ukaanza.

Waajiri walikata maji na umeme kambini, kisha wakawafukuza waliogoma. Kwa mzee asiye na jamaa, kambi hiyo ndiyo iliyokuwa nyumba yake ya pekee.

Mara Wameksiko wakaanza kuonekana mashambani. Itliong alimwendea Chavez, aliyekuwa akiongoza chama kichanga cha Wameksiko kisichokuwa na fedha za kuhimili mgomo. Chavez alisitasita. Itliong alimweleza kwamba Wameksiko wakivunja mgomo wa Wafilipino, ipo siku Wafilipino watalipiza. Septemba 16, wanachama wa Chavez walipiga kura ya kujiunga na mgomo.

Mnamo 1966 vyama hivyo viwili viliungana. Itliong alikubali kuwa msaidizi wa Chavez, ingawa baadhi ya Wafilipino walijitenga kwa kuhofia kumezwa na walio wengi. Baada ya wanunuzi kususia zabibu kwa muda mrefu, mikataba na wakulima wakubwa wa Delano ilitiwa saini Julai 29, 1970.

Hata hivyo, kitumbua kilikuwa kimeingia mchanga. Kazi sasa ziligawanywa na ofisi ya chama, na utaratibu huo ukayatawanya makundi ya Wafilipino yaliyozoea kuvuna pamoja kwa miaka mingi. Waliotangulia kugoma walijiona wamewekwa kando. Itliong, aliyewashawishi kuingia katika muungano huo, alijiuzulu Oktoba 1971.

Hakuacha kuwatetea wazee hao. Makao ya kustaafu aliyoyapigania yalifunguliwa Delano mnamo 1974 na kuitwa Agbayani, kwa kumbukumbu ya mgomaji wa Kifilipino aliyefia mgomoni.

Itliong aliaga dunia Februari 8, 1977, akiwa na umri wa miaka 63. Ilipita miaka 38 kabla ya California kuitenga Oktoba 25 kuwa siku ya kumuenzi.