Gandhi, tumbo lake na maziwa ya mbuzi

Hapa Quitunda, wilaya ya Palma kaskazini mwa Msumbiji, mazungumzo ya barazani hayachelewi kufika tumboni. Huyu ana kiungulia, yule hajapata choo siku ya tatu leo, mwingine hakulala kwa kujaa gesi. Kwa kuwa kijiji chetu kilijengwa kwa ajili ya watu waliohamishwa kutoka rasi ya Afungi, kuanzia mwaka 2019, ili kupisha mradi wa gesi, utani wa gesi ya baharini na gesi ya tumboni hauishi.

Lakini si utani mtupu. Kule kwenye vijiji vya zamani bahari ilikuwa karibu, na kisamvu kilichumwa nyuma ya nyumba. Baada ya kuhama, na zaidi baada ya Palma kushambuliwa Machi 2021, wengi tulikula kilichopatikana. Kwangu mimi kilikuwa mkate asubuhi, wali mweupe mchana na wali tena usiku. Tumbo likafunga kama duka la aliyefilisika.

Mimi ni mwalimu, miaka arobaini na sita. Wazazi wangu walivuka mto Ruvuma wakati wa vita vya ndani, nikasomea shule upande wa Mtwara, kisha tukarudi baada ya mkataba wa amani uliotiwa saini Roma Oktoba 1992. Huko ukimbizini ndiko nilikosikia kwa mara ya kwanza jina la Mohandas Gandhi, mkombozi wa India. Hakuna mwalimu aliyetuambia kwamba bwana huyo naye alisumbuliwa na choo kigumu. Hilo nililikuta ukubwani, katika kitabu alichoandika mwenyewe juu ya maisha yake.

Gandhi alizaliwa Porbandar, magharibi mwa India, Oktoba 2, 1869. Alisomea sheria London, na mwaka 1893, akiwa kijana wa miaka 23, alipanda meli kwenda Afrika Kusini kutetea kesi ya mfanyabiashara mmoja. Njiani alishuka Lamu, akakaribia kuachwa na meli kwa sababu mkondo wa maji uliizuia mashua yake. Akapita Mombasa, akakaa siku kadhaa Zanzibar, kisha akaendelea Msumbiji hadi Natal. Meli ya namna hiyo haikuwa na njia nyingine ila bahari hii yetu. Kwa hiyo mzee huyu, kabla hajawa mzee, alipita mbele ya pwani ya Palma.

Tumbo lilimsumbua hasa alipokuwa wakili Johannesburg, miaka michache baada ya 1900. Alikuwa hapati choo vizuri, na kichwa kilimuuma mara kwa mara. Alitumia dawa za kulainisha choo, zikamsaidia kwa muda tu. Akajichunguza, akaona kwamba anakula kupita kiasi: milo mitatu mikubwa, na chai ya alasiri juu yake. Aliposoma kwamba huko Manchester, Uingereza, kulikuwa na chama cha watu walioacha kifungua kinywa, naye akaacha. Kichwa kikapona, lakini choo bado.

Ndipo akageukia tiba za asili za Wajerumani wawili, Louis Kuhne na Adolf Just. Kuhne alifundisha kukaa kwenye beseni la maji, na Gandhi alipata nafuu kidogo. Just alisifu udongo, matunda mabichi na karanga. Gandhi alichukua udongo safi, akaulowesha kwa maji baridi, akaupaka kwenye kitambaa na kujifunga tumboni wakati wa kulala. Mwenyewe anaeleza kwamba hapo ndipo alipopona. Mimi udongo sikuujaribu, mke wangu asingekubali nichafue shuka. Nilichoiga ni kupunguza mkate, kula papai asubuhi, kunywa maji ya kutosha, kurudisha kisamvu na kunde kwenye sahani na kutembea jioni. Baada ya wiki chache nilikuwa mtu mwingine, na kama walivyo watu waliopona, nikaanza kumshauri kila mtu.

Gandhi naye alikuwa hivyo hivyo. Mwaka 1909 aliandika kwa ukali dhidi ya hospitali na madaktari, na mwaka 1912 akaacha kabisa kunywa maziwa. Aliamini kwamba chakula, maji, udongo na kufunga vinatosha.

Kisha ukaja mwaka 1918. Alikuwa amerudi India, akizunguka wilaya ya Kheda kuandikisha askari, amechoka na anakula vibaya. Siku moja ya sikukuu alikusudia asile mchana. Mkewe, Kasturba, alikuwa amempikia uji mtamu wa ngano uliotiwa mafuta, na bakuli la choroko. Akashindwa kujizuia. Haikupita saa moja akashikwa na tumbo la kuhara damu. Akawa anakwenda chooni mara thelathini hadi arobaini kwa siku moja. Alikataa dawa, alikataa sindano, mwanzoni alikataa hata maji ya matunda. Mwili ukaisha, akaamini anakufa, na miezi ikapita hana nguvu ya kusimama.

Mapema mwaka 1919 daktari wa Bombay alimweleza kwamba bila maziwa hatapona. Gandhi akasema ameweka nadhiri. Kasturba, aliyesimama kando ya kitanda, akauliza kama nadhiri hiyo inahusu na maziwa ya mbuzi, maana mumewe alipoiweka alikuwa akiwafikiria ng'ombe na nyati. Akakubali kuyanywa, akapata nguvu, ingawa dhamiri ilimsuta kwa miaka mingi kwamba alishika maneno ya nadhiri akaacha roho yake.

Niliposoma habari hiyo mara ya kwanza nilicheka. Mwaka 2023 sikucheka tena. Mtoto wa dada yangu, hajatimiza miaka miwili, alianza kuhara. Mimi, mwalimu wa papai, nilisema tusubiri, tumpe maji ya majani ya mpera. Siku ya pili macho yalikuwa yamezama, na alikuwa analia bila machozi. Mama yangu, ambaye hajui Gandhi ni nani, hakubishana nami. Alimfunga mtoto mgongoni na kwenda naye kwa muuguzi. Huko alipewa maji ya chumvichumvi na vidonge vya zinki. Muuguzi alitufundisha tukikosa pakiti tufanye wenyewe: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, huku mtoto akiendelea kunyonya na safari ya kituoni ikifanyika. Mtoto yupo, anakimbia. Dada yangu hajanilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linaloniuma.

Gandhi naye alipata mtihani mwingine. Januari 1924, akiwa mfungwa wa Waingereza, kidole tumbo kilivimba. Mwandishi yule wa kupinga hospitali alipasuliwa Pune na daktari Mwingereza, Kanali Maddock, na umeme ukakatika katikati ya operesheni. Akapona, akaachiwa huru mwezi uliofuata.

Hakuacha tiba zake za asili, wala hakuacha tena maziwa ya mbuzi. Jioni ya Januari 30, 1948, mjini Delhi, aliletewa chakula chake cha mwisho: maziwa hayo, mboga mbichi na za kupikwa, machungwa, na mchanganyiko wa tangawizi, limau, samli na maji ya shubiri. Alikula akizungumza na waziri Patel, akachelewa, akainuka kwenda bustanini kwenye sala. Huko ndiko Nathuram Godse alikokuwa akimngoja na bastola.